Nyumba na Ubeti: Kusoma Ramani Iliyotoka Tukuyu

Mwaka jana nilipokea bahasha kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, iliyoteremka kwa basi hadi Dar es Salaam na kuvuka bahari mkononi mwa msafiri. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ramani ya nyumba, iliyochorwa kwa kompyuta na kupambwa kwa rangi. Cha pili kilikuwa barua fupi ya rafiki yangu, mwalimu mstaafu, tuliyejuana naye alipokuwa akifundisha hapa Unguja. Aliandika kwamba kiinua mgongo chake kimetoka, kwamba kiwanja anacho kwa wazee wake, na kwamba anajenga nyumba ya kuzeekea. Akaniomba ubeti mmoja wa kuchongwa juu ya mlango wa mbele. "Lakini usiuandike kabla hujaisoma ramani," aliongeza, "kwani ubeti usiofanana na nyumba utanifanya nichekwe na majirani."

Nikaisoma. Na kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu, niliisoma kama ninavyosoma diwani ya mshairi chipukizi, kwa mapenzi moyoni na kalamu nyekundu mkononi. Makala haya ni uhakiki wa ramani ile, pamoja na habari ya jinsi mhakiki mwenyewe alivyohakikiwa.

Huenda msomaji akauliza: malenga na ujenzi, wapi na wapi? Sikusomea usanifu wa majengo, wala fasihi sikuisomea chuoni. Nilicho nacho nimekiokota vitabuni na barazani. Lakini neno lenyewe linanipa ruhusa. Ubeti wetu umetokana na bayt ya Kiarabu, na bayt ni nyumba, au hema la mtu wa jangwani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 ambaye asili yake ni Omani, alipoipanga elimu ya aruhi za mashairi aliazima majina ya hema: sababu ni kamba, watadi ni kigingi, na misra, iliyo nusu ya bayt, ni ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Kila apitaye Mji Mkongwe akauona mlango uliofungwa, mbao zake mbili zikikutana kwenye mfaa, amekwisha kuuona ukwapi na utao.

Tena nyumba zetu za mawe zina mizani. Chumba cha kale kilikuwa chembamba, takriban mita 3 kwa upana, kwa sababu dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki urefu wake. Fundi hakulalamika. Alikirefusha chumba upande wa pili, akatoboa zidaka ukutani ili jicho lipate pa kutua, akaweka daka mlangoni na baraza nje. Kilichokuwa kizuizi kikawa umbo. Mtunzi wa shairi anaijua furaha hiyo, kwani mizani nane ni boriti yake. Basi kwa kanuni hizo hizo niliikabili ramani ya Tukuyu.

Kosa la kwanza nililoliona ni la bahari. Mtunzi alikuwa amechagua bahari isiyolingana na maudhui yake. Nyumba ilichorwa kwa mtindo upendwao sana siku hizi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, wa paa lililofichwa nyuma ya kuta, hata nyumba ikaonekana kama sanduku jeupe lisilo na kifuniko. Mahali pakavu mtindo huo hauna neno. Tukuyu, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,500, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hizo hudumu kuanzia Novemba hadi Mei. Paa lililofichwa hulazimisha maji yote kupita katika mifereji iliyo ndani ya kuta. Jani moja la mgomba likiziba mfereji, maji hutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni dari ya chumba cha kulala. Wazee waliokaa Rungwe kabla ya kompyuta walijua kwamba paa la huko sharti liwe na mwinuko mkali na upenu mpana, ili mvua ipite kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Kosa la pili lilikuwa la mandhari. Madirisha makubwa yote yaliitazama barabara. Mlima Rungwe, wenye kimo cha takriban mita 2,960, ambao mtu wa huko huamka akautafuta kwanza kwa macho ili ajue siku itakuwaje, ulikuwa umepewa dirisha la choo.

Kosa la tatu lilinihuzunisha zaidi, nalo ni kwamba mwenye nyumba hakuwamo. Rafiki yangu ni mwalimu wa kwaya. Tangu ujana wake hutunga nyimbo na kuwafundisha watu sauti nne. Anafuga ng'ombe wawili wa maziwa na huwaita kwa majina. Hupenda kusoma gazeti kwa sauti na kubishana juu yake na wale aliowafundisha, ambao sasa wana mvi. Katika ramani nilikuta sebule iliyopangwa kuuzunguka ukuta wa televisheni, vyumba vinne vyenye vyoo ndani, na banda la gari asilokuwa nalo. Sikuona mahali ambapo watu kumi na watano wanaweza kuketi wakaimba. Banda la ng'ombe halikuchorwa kabisa. Baraza haikuwapo. Palipostahili baraza palisimama ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake, na lango la bati lisiloonyesha ndani. Ilikuwa nyumba ya mtu yeyote, yaani si ya mtu.

Hukumu nilikuwa nayo tayari. Lakini mhakiki mwadilifu hahukumu shairi kabla hajajua limetoka katika mapokeo gani. Nami nilijua mapokeo ya mawe na chokaa, si ya mianzi na udongo. Kwa hiyo nikakifungua tena kitabu ambacho nimekuwa nikijaribu kuzifasiri baadhi ya kurasa zake kwa ajili ya nafsi yangu: Good Company cha Monica Wilson, kilichochapishwa mwaka 1951. Jina lake naweza kulifasiri, kwa kupungukiwa, kuwa Wenzi Wema.

Monica na mumewe, Godfrey Wilson, walikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, wakijifunza lugha na kuandika waliyoyaona. Godfrey alifariki mwaka 1944, naye mjane akakiandika kitabu kutokana na kumbukumbu walizozikusanya pamoja. Sijui kama nalisoma lisilokuwamo, lakini kila nikifikia kurasa zinazosifu raha ya kuishi na wenzi, hukumbuka kwamba aliyezishika kalamu zile alikuwa amebaki peke yake.

Uzuri wa makao ya Wanyakyusa haukugunduliwa na yeye. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huko mwaka 1879, alistaajabia migomba iliyofagiliwa chini na nyumba safi zilizopangwa kwa nadhifa, hata akahisi amefika katika nchi ya ndoto za washairi. Thomson, hata hivyo, alisifu kama mpita njia. Wilson alikaa, akauliza swali la mhakiki: umbo hili limetokana na nini?

Jibu lake ni kwamba limetokana na mambo mawili yaliyopendwa, nayo ni ng'ombe na wenzi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, upande wao ukiwa umetengwa, na samadi yao ililishwa migomba iliyoizunguka nyumba. Mgomba ulimpa mtu chakula na kivuli, na mtu akamrudishia mgomba kile alichokitoa ng'ombe. Hapo mapenzi ya mwenye nyumba na ardhi yake ya volkano vilifungwa katika mzunguko mmoja, na nyumba ilikuwa kitovu chake.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi kwetu watu wa pwani. Mvulana alipotimiza umri wa miaka kumi hivi, hakulala tena kwa wazazi. Yeye na marika zake walikwenda pembezoni mwa kijiji cha baba zao wakajenga vibanda vyao wenyewe. Walirudi kwa mama kula, tena kwa makundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa yule, lakini kulala walilala kwao. Vibanda vya watoto vikakua pamoja nao, vikawa nyumba za waume na wake zao, na hatimaye kijiji kizima cha marika. Mara moja katika kila kizazi ikafanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi uongozi wa nchi kwa wana wao.

Wilson anaeleza kwamba chini ya mpango huo kulikuwa na heshima. Mwana hakutakiwa kuwa karibu na faragha ya wazazi wake, wala mke wa mwana hakutakiwa kukutana na baba mkwe. Akimwona njiani alijificha, na hata silabi za jina lake aliziepuka katika mazungumzo, akatafuta neno jingine. Mshairi atafutaye neno kwa sababu ya kina hana budi kumvulia kofia mwanamke yule aliyelitafuta kwa sababu ya adabu.

Ndipo nikaona kwamba hatuko mbali kama nilivyodhani. Daka letu, ukumbi wetu, na vyumba vya ndani visivyoonekana kutoka mlangoni vilichorwa na swali lile lile: nani ataingia, afike wapi, na asimkute nani? Sisi tuliijenga heshima kwa kuta ndani ya nyumba moja. Wao waliijenga kwa umbali kati ya kijiji na kijiji. Kila nyumba iliyopangwa vema huanza na watu kabla ya vyumba.

Neno wanalolitumia Wanyakyusa kwa raha hiyo ya kuwa pamoja ni ukwangala, nalo limenishinda mara nyingi mezani pangu. Nimejaribu mazungumzo, lakini hayo ya siku hizi yamekwisha kuingia ofisini na kuvaa tai. Nimejaribu ushirika, nao unanuka mizani ya kupimia kahawa. Neno lililokaribia ni kubarizi. Mtu abariziye yuko na wenzake, anasema na anasikiliza, anafunzwa adabu bila kuambiwa kwamba anafunzwa. Hata hivyo iko tofauti. Kubarizi kwetu kumezaliwa na mahali, yaani baraza. Ukwangala, kama ninavyouelewa, huanza na wenzi, na mahali hufuata. Pwani tunajenga baraza tukangoja watu. Rungwe, watu walikubaliana kwanza, kisha wakajenga kijiji.

Nikiwa nimejaa elimu hiyo ya vitabuni, nikafunga safari nikampe rafiki yangu hukumu yake uso kwa uso. Nilifika mwezi wa Aprili. Kutoka Uyole barabara hupanda na kushuka, migomba ikisimama pande zote mbili, na karibu na Tukuyu mashamba ya chai hufunika vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Tuliketi chini ya upenu wa nyumba kuukuu ya baba yake, na mvua ikapiga bati kwa kishindo hata tukanyamaza nusu saa. Ilipopungua nikatoa ramani, nikamsomea makosa matatu, nikamalizia na ukuta. Nikamwambia kwamba mtu ambaye babu zake walijenga vijiji kwa ajili ya wenzi hapaswi kuzeekea nyuma ya vigae vya chupa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama asikilizavyo mwalimu. Kisha akasema, "Bwana Malenga, kitabu hicho umekisoma nusu."

Alikuwa na haki. Wilson mwenyewe haufichi upande wa pili. Wenzi wale waliopendana ndio pia walioogopwa. Iliaminiwa kwamba wako watu wenye chatu tumboni, warukao usiku kwa tamaa ya nyama na maziwa ya wenzao. Iliaminiwa pia kwamba wako walinzi wa kijiji wenye nguvu hiyo hiyo, wakiitumia kwa kutetea haki. Mtu aliyekula peke yake, aliyejivuna, au aliyewadharau wazazi, angeweza kupatwa na kile kitabu kinachokiita pumzi ya watu: baridi ya manung'uniko ya majirani, iliyoingia mwilini ikawa ugonjwa. Wema wa wenzi ulikuwa na mlinzi wake, na jina la mlinzi huyo lilikuwa hofu.

"Baba yangu," rafiki yangu aliendelea, "alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuezeka bati hapa. Kila mtoto alipougua nyumbani mwetu, walitazama juu. Nilikua nikijua kwamba paa letu lina hatia. Wewe umekuja kunisifia macho ya majirani kwa sababu hukulala chini yake. Ukuta wangu wa wezi ni wa wezi. Lakini pia ni wa macho."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisoma nyumba ya kale kama shairi la mapenzi tu, kosa ambalo huwakemea wanafunzi wanaousoma utenzi wa mawaidha wakaona mapambo wasione onyo. Aidha, mpango ule wa zamani haukuvunjwa na ukuta wa mtu mmoja. Wana wa marika walihitaji ardhi mpya ya kujengea kijiji kipya. Kahawa na chai zilipoingia, na ardhi ikawa haba na yenye bei, kila mtu alishika kiwanja chake akamwachia mwanawe. Hakuna ramani itakayorudisha pembezo za kijiji zilizokwisha kupandwa chai.

Kwa hiyo nikalazimika kutafuta kipimo kingine cha kuihukumu nyumba, nikakitafuta kwetu. Sayyid Said bin Sultan aliipenda bahari na merikebu, na katika jumba lake la Mtoni kulikuwa na baraza pana yenye paa iliyoelekea maji. Binti yake Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anasimulia jinsi baba yake alivyotembea hapo akifikiri, na jinsi jamaa walivyokutana hapo kunywa kahawa. Mwenye jumba aliyapa mapenzi yake mahali pazuri kuliko pote, kisha akawaita wengine wakae ndani ya mapenzi hayo.

Upande wa pili uko Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo majumba ya Pate yamebaki matupu, na viumbe vya usiku vimerithi kumbi za mabwana. Tumezoea kuusoma kama lawama kwa anasa. Baada ya Tukuyu nausoma pia kama hesabu ya nyumba iliyoamini kwamba jiwe litamlinda mwenyewe. Nyumba ya mianzi ya Rungwe haikuamini hivyo hata siku moja. Haikuombwa kuishi zaidi ya aliyeijenga. Ilichorithisha ni desturi ya kuitana.

Kipimo changu basi ni hiki. Nyumba iliyochorwa kwa mapenzi ya mwenyewe huhukumiwa kwa mahali ilipomweka mtu mwingine. Mapenzi yasiyo na kiti cha pili ni ubahili tu, hata yakipakwa rangi. Na kiti hicho si lazima kiwe kitandani mwa mwenye nyumba wala jikoni mwake. Mwoga naye ana haki ya kukaribisha kwa namna yake.

Tulikaa siku tatu na penseli. Paa likainuliwa na kutokezwa, likapewa upenu wa zaidi ya mita moja. Sebule ikageuzwa, mlima ukapata dirisha lake. Banda la ng'ombe likawekwa juu kidogo ya migomba, ili mteremko wenyewe ubebe samadi kama zamani. Mbele ikachorwa baraza ndefu yenye paa, ya kutosha kwaya nzima na mvua yake, nayo ikapewa njia yake, ili anayekuja kuimba asipite ndani. Ni daka letu na ni heshima yao. Ukuta ulibaki pande tatu, mrefu kama alivyoutaka. Upande wa baraza aliushusha hadi kimo cha kiuno, akaung'oa mstari wa vigae. Vyumba vinne alikataa kuvipunguza. Wanawe na wajukuu huja Krismasi kutoka Dar es Salaam, na hapo nilishindwa kwa haki.

Usiku wa mwisho nikampa ubeti. Katika mshororo wa pili nilikuwa nimeandika kwamba nyumba ni pale mtu husema karibu "bila hadhari". Akauhesabu kwa vidole, maana mtunzi wa nyimbo hamwamini mtu, akaona mizani imetimia. Kisha akatikisa kichwa. "Mizani ni sawa, neno ni uongo. Mimi hadhari ninayo. Nitakaribisha nikiwa nayo." Nikaona aibu ya kwamba kina kilikuwa kimenisemea badala ya mimi kukisemesha. Tukaliondoa, na ubeti ukasimama hivi:

Nyumba si mawe na chuma, wala si paa na dari,
Ni pale mtu husema "karibu" licha ya shari,
Radi ikishanguruma, pana pa kujisitiri,
Ndipo nyumba husimama, hata isiwe fahari.

Alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaukunja ule ukurasa akautia katika kitabu cha kwaya. Kwa habari nilizopata mwezi uliopita, kuta zimefika usawa wa linta na baraza imekwisha kumwagiwa zege. Ubao wa juu ya mlango uko tayari, lakini haujachongwa. Seremala anangoja mvua ikatike.